Mgonjwa wa kisukari wa Chiungutwa aende wapi?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tutoke Dar es Salaam twende kusini, hadi Chiungutwa wilayani Masasi. Mtu wa huko akianza kukojoa mara kwa mara, kiu haimwishi na mwili unakonda, huenda wapi kutibiwa? Jibu lake lilianza kupangwa kabla babu yake hajazaliwa.

Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini walianza Ndanda mwaka 1906, baada ya Vita vya Maji Maji kuharibu misheni zao za kwanza. Hospitali zilifuata makanisa. Katika miaka ya 1930 alikuja daktari Mwingereza, Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wetu wa Afya mwaka 1975. Aliyezaliwa karibu na misheni alikuwa na daktari. Aliyezaliwa mbali alikuwa na mganga wa jadi, na miguu yake.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilijenga zahanati vijijini na kutibu watu bila malipo. Mwaka 1977 ikakataza hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Tusiibeze kazi ile, maana watoto wengi walipona. Lakini zahanati zilijengwa kwa ajili ya malaria, kuhara na uzazi. Kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wakubwa wa mjini, na takwimu za wakati ule hazikupinga: uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989 na Dk. Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, ulikuta chini ya mtu mzima mmoja katika kila 100. Basi kliniki ya kisukari ikawa Dar es Salaam.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990. Mwaka 1991 hospitali za binafsi ziliruhusiwa tena, na kuanzia 1993 hospitali za Serikali zikaanza kuwatoza wagonjwa. Sasa tazama hesabu. Madaktari wa Muhimbili walipima gharama za mwaka 1989 na 1990, wakakuta kwamba mgonjwa anayehitaji insulini hugharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, na asiyeihitaji dola 103. Bajeti yote ya afya ya Serikali wakati huo ilikuwa kama dola 2 kwa kila Mtanzania. Nani basi angelipa tofauti hiyo?

Kisukari, tofauti na malaria, hakiishi kwa dozi moja. Kinataka fedha kila mwezi. Mkulima wa korosho hupata fedha kwa msimu, kuanzia kama Oktoba. Wakati huo atapanda gari kwenda Mkomaindo, au Ndanda, au Newala. Ifikapo Aprili mfuko umekauka, naye hununua vidonge vichache dukani, au humrudia mganga, ambaye hukubali kuku na husubiri malipo hadi mavuno. Wanaomcheka kwa ujinga hawajawahi kuishi kwa fedha ya msimu. Jirani yake mwalimu analipwa kila mwezi, na tangu 2001 ana kadi ya Bima ya Afya. Ugonjwa ni mmoja, kijiji ni kimoja, lakini milango ni miwili.

Na insulini yenyewe inataka ubaridi. Asiye na jokofu huiweka ndani ya chungu kilichozungukwa na maji, kama bibi zetu walivyopoza maji ya kunywa. Njia hiyo inasaidia, lakini juu ya uwanda wa Makonde hata maji ni ya kutafutwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa watu kama 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ule ugonjwa wa wakubwa umekuwa wa watu wote. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na ni jambo jema. Nauli ya kwenda Masasi na kurudi, na jembe lililolala siku hiyo, hayo bado ni juu ya mgonjwa mwenyewe.