Gita la pao za ngazi: sauti ya wazee kwa mbao za kwetu

Kanyaruchinya iko kaskazini mwa Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, chini ya Nyiragongo. Tangu mwisho wa 2022, maelfu ya watu waliokimbia vita walipiga kambi hapo. Mtu akikimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Gita linabaki. Nyimbo angali anazijua, lakini chombo hana, na gita jipya la dukani si la kila mfuko. Ila kuna gita moja la zamani ambalo seremala mwenye subira anaweza kuliiga: gita la pao za ngazi.

Pao za ngazi ni nini?

Chini ya uso wa gita, mahali macho hayafiki, kuna vijiti vinavyozuia ubao usibonyee. Katika magita mengi ya leo vijiti viwili vikubwa hupishana kama herufi X, mtindo uliojulikana kupitia Martin wa Marekani tangu karne ya 19. Katika gita la zamani la bei nafuu, vijiti vinne au vitano vinalala sambamba, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kama vidato vya ngazi. Ni kazi rahisi, ndiyo maana viwanda viliipenda.

Mfano ni Gallotone, gita lililotengenezwa Durban, Afrika Kusini, na kuenea kusini mwa Afrika miaka ya 1950. Hata John Lennon wa Uingereza alianza na Gallotone Champion mwaka 1957, kabla ya Beatles.

Sauti yake

Gita hili linajibu haraka, sauti ni kavu, na noti haikawii kuzimika. Kwa mtu wa kukwangua nyuzi zote pamoja, hiyo ni kasoro. Kwa mtu wa kudonoa nyuzi moja moja, ni faida: kila noti inasikika peke yake. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, Katanga, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu: gumba kwenye besi, shahada kwenye wimbo. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, na « Masanga » ya 1952 ikasikika mbali sana. Upigaji wa namna hiyo unataka gita lenye noti zisizochanganyikana.

Mbao gani?

Mkalitusi wa kujengea nyumba haufai: ukikauka unapinda na kupasuka. Kwa uso, tafuta sipre nyepesi iliyonyooka nyuzinyuzi zake, uirande hadi milimita 3 hivi. Kwa mgongo, mbavu na shingo, libuyu ni nzuri. Mbao zitoke kwenye miti ya kupandwa ao kwa muuzaji anayejulikana, si ndani ya Hifadhi ya Virunga.

Ubao ukauke kivulini kwa miezi, si siku. Pao zigandishwe kwa kole wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Ukizigandisha wakati wa mvua, ubao umevimba; jua likija unasinyaa, pao zinaushika, uso unapasuka katikati.

Hesabu ya freti

Hapa ndipo magita mengi ya mkono huharibika. Pima urefu wa uzi unaopigwa, tuseme milimita 630. Gawanya kwa 17.817: unapata 35.4, ndiyo nafasi ya freti ya kwanza kutoka kichwani. Zinabaki 594.6, gawanya tena, unapata 33.4, na kuendelea. Freti ya 12 lazima ianguke nusu kamili, yaani 315. Isipoanguka hapo, rudia hesabu kabla ya kushika msumeno.

Unene ao wepesi?

Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 60 na zaidi. Seremala akiogopa, anaweka pao nene. Gita linakuwa gumu kama meza, halina sauti. Akizipunguza mno, uso unabonyea. Anayeanza anaweza kufunga nyuzi kwenye chuma cha mkiani, kama magita mengi ya zamani, ili mvuto uende mkiani mwa gita badala ya kung'oa daraja la nyuzi.

Mwalimu bora ni gita bovu. Gita la babu lililovunjika lisipelekwe jikoni kwa kukosa makala. Lifunguliwe polepole kwa kisu chenye moto, umbo lichorwe kwenye katoni, kila pao ipimwe: urefu, upana, kimo, na umbali wake kutoka tundu la sauti. Ile katoni ikibaki mkononi, gita linaweza kuzaliwa tena popote, hata baada ya kukimbia.