Wa Sanaa Asiyewahi Kushika Brashi: Ushauri wa Masomo na Kazi kwa Wanafunzi wa Nakuru

Mshauri wa taaluma mwenye wateja wengi zaidi mjini Nakuru hayuko shuleni. Mtafute saiba, karibu na steji ya matatu, msimu ambao KUCCPS, idara inayowapanga wanafunzi vyuoni, imefungua tovuti yake kwa waliofanya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, kompyuta mbili mbele yake, printa ikinguruma ubavuni. Mwanafunzi ameketi kwenye kiti cha plastiki, matokeo yamo kwenye simu. Mama yake amesimama nyuma, mkoba kwapani, macho kwenye skrini asiyoielewa vizuri.

"Uko na ngapi?"

"C plus."

"Sayansi je?"

"Bayolojia D. Kemia D minasi."

"Basi wewe ni wa sanaa. Tukuwekee ualimu ama maendeleo ya jamii?"

Mtoto anamtazama mama. Mama anamtazama kijana. "Weka ile iko na kazi," anasema. Kijana anabonyeza, anapokea pesa yake, anaita mwingine. Dakika kumi hazijafika.

Nimeyasikia mazungumzo ya namna hii mara kadhaa, na kila mara nimeondoka nikiwa sina la kumlaumu kijana yule. Yeye husoma tu hukumu iliyokwisha kutolewa. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tunachokiita ushauri wa taaluma kwa wanafunzi wa sanaa, Nakuru na katika Bonde la Ufa la kati kwa jumla, huja baada ya uamuzi. Uamuzi wenyewe hutolewa mapema na vitu visivyotoa ushauri: maabara iliyopo au isiyokuwepo, mwalimu aliyepatikana au aliyekosekana, ratiba ya shule. Mwanafunzi akishapangwa na vitu hivyo ndipo tunamketisha na kumuuliza ndoto yake ni ipi.

Tuanze na jina lenyewe. Kuwagawa wanafunzi kuwa wa sanaa na wa sayansi ni urithi wa Kidato cha Tano na cha Sita, vidato vilivyokoma Kenya mwaka 1989. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, haukuwa na mkondo rasmi wa sanaa. Kila mtahiniwa alifanya hisabati, Kiingereza na Kiswahili, akaongeza sayansi na masomo ya kuchagua. Hata hivyo jina lilibaki midomoni mwa walimu na wazazi, na likapata maana mpya. Wa sanaa akawa yule aliyeshindwa na fizikia. Katika shule nyingi za kutwa, kuanzia Kaptembwo hadi Njoro, masomo yake ni Historia, Dini na Kiswahili, kwa sababu hayo yanahitaji chaki na mwalimu tu. Somo la Sanaa na Ubunifu limo kwenye orodha ya KCSE, na Muziki pia, lakini yanahitaji chumba, rangi, ala na mtu aliyesomea kuyafundisha. Ndiyo maana tuna kizazi cha wanafunzi wa sanaa ambao hawajawahi kushika brashi ya rangi wala kusoma nota moja ya muziki.

Hili si jambo la jina tu. Mtu anayeelezwa kwa kile alichoshindwa nacho hawezi kushauriwa vizuri, kwa kuwa mazungumzo yote huanza na mabaki. Linalosikitisha zaidi ni kwamba 8-4-4 yenyewe ilizaliwa na Tume ya Mackay ya 1981 ikiahidi kazi za mikono na kujitegemea. Sanaa, ufundi na muziki vilitahiniwa hata shule ya msingi, kisha vikaondolewa kwenye KCPE, mtihani wa darasa la nane. Somo lisilotahiniwa hapa kwetu hugeuka kipindi cha kufagia uwanja au cha kumalizia hisabati. Nani hakumbuki?

Mtaala wa umilisi, unaochukua nafasi ya 8-4-4, umekuja na dawa ya sehemu ya ugonjwa huu. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu Januari 2026, na mbele yao kuna mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa pamoja na michezo. Hatimaye historia na uchoraji vimetenganishwa, kila kimoja kina mlango wake. Serikali imekuwa ikitarajia takriban asilimia 60 waende sayansi, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na michezo. Lakini takwimu za matarajio hazijengi studio. Shule zote zinatarajiwa kuwa na mkondo wa sayansi, na nyingi huongeza sayansi za jamii. Zenye mikondo yote mitatu ni chache, na kwa kawaida ni zile kubwa zilizokuwa na vifaa tangu hapo. Mtoto wa mtaa wa Rhonda mwenye kipaji cha kuchora, ambaye karo ya bweni haipatikani kwao, anaweza kujaza shule 12 alizotakiwa kuchagua na bado akaishia shule ya kutwa ya mtaani isiyo na mkondo anaoutaka. Kwa mara nyingine jengo limeamua.

Kuna jambo jingine. Uamuzi uliokuwa ukifanywa mwishoni mwa Kidato cha Pili sasa unafanywa Gredi ya 9, na mtoto wa miaka 14 au 15. Anayepaswa kumshauri ni mwalimu wa Sekondari ya Msingi. Huyu ni nani? Walimu wengi wa ngazi hiyo waliingia kama wanagenzi kuanzia 2023 kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na si wachache wao wenye shahada ya ualimu wa sanaa waliokaa nyumbani miaka mingi wakingoja Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Mtoto anamwendea mwalimu huyo na kumuuliza, "Mwalimu, nikisoma Historia nitafanya kazi gani?" Mwalimu atajibu kutoka kwenye kidonda chake. Atamwambia akazane na sayansi. Simcheki, ningekuwa yeye huenda nami ningejibu hivyo.

Wizara ya Elimu imezungumzia ushauri nasaha shuleni kwa muda mrefu; ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976 ililitaja suala hilo. Lakini mwalimu wa ushauri nasaha bado ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili, anayepewa ofisi yenye sanduku la maoni na kuitwa kukiwa na mimba, mihadarati au tishio la mgomo. Shughuli za taaluma hubakiziwa siku moja ya mwaka, anapokuja daktari, rubani na wakili aliyesomea shule ileile. Wanafunzi hupiga makofi na kurudi darasani bila kujua masharti ya kuingia chuo chochote.

Masharti hayo ndiyo kiini, na ndiyo yanayofichika zaidi. Chukua sheria. Ili kusomea shahada ya sheria Kenya mwanafunzi anahitaji wastani wa C+ na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Nimetaja "au" hiyo katika madarasa mengi nikaona vichwa vikiinuka. Msichana anayepata B ya Kiswahili na C ya Kiingereza, ambaye ameambiwa maisha yake yote kwamba Kiswahili kitamfikisha kwenye kufundisha Kiswahili, hajui kwamba mlango wa mahakama uko wazi kwake. Hajui pia kwamba tangu KCSE ya 2023 wastani hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo D ya kemia si lazima imzamishe. Kwa upande mwingine, yule anayetamani uchumi anapaswa kuambiwa mapema, tena bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba bila hisabati nzuri safari hiyo haiendi. Suala hili limerudi kwa sura mpya: baada ya malalamiko ya 2025 kuhusu mpango wa kuifanya ya hiari, hisabati imefanywa ya lazima katika mikondo yote, ya kina kwa wa sayansi na nyepesi kwa wengine. Anayechagua ile nyepesi katika Gredi ya 10 anapaswa kujua siku hiyohiyo ni kozi zipi anaziaga. Na aliyepata C- aelezwe kwamba diploma iko wazi kwake, badala ya kuachwa aamini kwamba chini ya C+ hakuna elimu.

Ushauri wa maana pia huanza na kazi zilizopo pale mtu anapoishi. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na jiji ni mashine inayokula maneno, picha na sauti. Mahakama za Nakuru zinasikiliza kesi za watu wanaozungumza Kikuyu, Kikalenjin, Kiswahili na lugha nyingine, na Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Eneo la Molo, Kuresoi na Njoro limechomwa na ghasia za 1992, 1997 na 2008, na migogoro ya ardhi bado inafikishwa mbele ya hakimu na mbele ya wazee. Huko mtu anayeijua historia na kuweza kuwaketisha watu pamoja ana kazi nzito kuliko tunavyokubali. Radio Amani ya Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru inahitaji watangazaji na watayarishaji. Naivasha kuna chuo cha wanyamapori na utalii. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanzishwa Njoro mwaka 1939 kama shule ya wakulima wa kizungu, leo kinafundisha fasihi na isimu. Laikipia, iliyokuwa bewa lake, ni chuo kikuu kamili. Chuo Kikuu cha Kabarak kinafundisha muziki. Nakuru Players Theatre ipo katikati ya mji. Ni wanafunzi wangapi wa shule za Afraha au Flamingo wamewahi kuingia ndani yake, isipokuwa kwa maigizo ya vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa?

Kwenye uwanja mmoja wa mafundi wa jua kali nilimkuta mmoja wao akichora matatu. Alikuwa amepigilia msumari kwenye kipande cha ubao, akafunga uzi, akausugua chaki na kuudunda kwenye bati ili kupata mstari ulionyooka. Kisha akapima nafasi kati ya herufi kwa vidole, si kwa rula. "Herufi ya duara huwa inadanganya macho," aliniambia, "lazima uisogeze." Hilo ni somo la ubunifu wa herufi ambalo mwanafunzi wa chuo hulipia karo kulisikia. Alijifunza kwa uanagenzi wa miaka mitatu. Umbali wa mita mia mbili kutoka pale kuna shule ya upili, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwalika, wala yeye hajui kwamba ujuzi alioupata nje ya darasa unaweza sasa kutambuliwa na kupewa cheti.

Najua jibu la mzazi. Atauliza kodi ya nyumba italipwa na uchoraji gani, na ana haki. Foleni ya TSC ni ndefu, na ualimu wa sanaa ndio mkia wake mrefu zaidi. Mshauri anayeficha hilo anadanganya. Lakini kinga ya sayansi imetiwa chumvi. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na chanzo kikuu kilikuwa madaktari wanagenzi waliohitimu na kukosa kupelekwa hospitalini kwa malipo waliyokubaliana. Mzazi wa Nakuru anayemsukuma mwanawe kwenye kemia anakimbia foleni moja na kuingia nyingine, ila tu hii ya pili haijaonekana kutoka alipo.

Jirani zetu Tanzania waliongeza tahasusi za Kidato cha Tano, yaani michanganyo ya masomo, hadi 65 mwaka 2024, na kutoa nafasi zaidi kwa lugha, sanaa na michezo. Uwingi wa tahasusi hausaidii pasipo mtu wa kuzieleza, hilo tumeliona, lakini angalau mwanafunzi anasoma jina la alichokichagua badala ya jina la alichokikosa.

Kwetu ningeanza na vitu viwili vya bei nafuu. Kwanza, masharti ya kozi yabandikwe ukutani Gredi ya 8, kwa Kiswahili, yakiwa na "au" zake zote, na mzazi aitwe kuyasoma kabla fomu haijafika. Pili, mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi. Hili la pili ndilo gumu, kwa kuwa kila kipindi kinachopunguzwa lazima kipate mtu wa kukifundisha, na mtu huyo yuko nyumbani Subukia au Bahati, cheti chake cha ualimu wa Historia na Dini kimo sandukuni, anangoja TSC imwite.