Kofia, Reli na Tarehe: Usomaji wa Picha Kongwe za Usambara

Picha nyingi kongwe za Reli ya Usambara hazina tarehe. Kwa hiyo watafiti hutegemea mavazi. Kofia za kike zenye ukingo mpana na manyoya, kwa mfano, zilishamiri Ulaya kati ya mwaka 1907 na 1911 hivi, kuelekea mwisho wa enzi ya Mfalme Edward VII (1901–1910) na baada yake. Hata hivyo, kofia hubainisha mwanzo tu, si ukomo, kwani vazi lililoletwa Tanga kwa meli liliweza kuvaliwa miaka mingi.

Ushahidi huo sharti upimwe kwa historia ya reli. Ujenzi ulianzia Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Picha ya abiria katika stesheni ya Mombo, basi, haiwezi kutangulia mwaka 1905. Lushoto haikufikiwa na reli. Wasafiri wake walishukia Mombo, wakapanda mlima. Maelezo yanayoiita Wilhelmstal huashiria utawala wa Wajerumani, uliokoma huko mwaka 1916.

Kasoro ya mbinu hii ni kuishia kwa Wazungu, kana kwamba mavazi ya Wasambaa na Waswahili hayakubadilika. Kumbe kanga nazo zina historia: maandishi yake yalitumia hati ya Kiarabu kabla ya hati ya Kirumi kuenea. Anayechunguza kofia ya bibi wa Kizungu na kuipuuza kanga iliyo kando yake ameisoma nusu ya picha.