Viwanja vya vita vya Kasongo na Kabambare

Sisi watu wa Maniema ya kusini tunalima juu ya historia. Jeshi la Bula Matari, likiongozwa na Dhanis, liliingia Nyangwe mwezi wa tatu 1893, kisha Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne. Mwezi wa kumi Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa katika mapigano ya mto Luama. Kabambare nayo ilianguka mwezi wa kwanza 1894.

Tusidhani vilikuwa vita vya Wazungu na Waarabu peke yao. Wengi waliopigana pande zote mbili walikuwa Waafrika: Wangwana, watu wa Gongo Lutete, askari na wapagazi. Lippens na De Bruyne, Wabelgiji waliouawa Kasongo mwaka 1892, wana mnara wao kule Blankenberge, kando ya bahari, tangu 1900. Na wazee wetu je?

Sheria iko. Ile ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya mali za utamaduni iliipa serikali uwezo wa kuandikisha mahali pa historia ili pasiharibiwe. Lakini uwanja wa vita hauna ukuta wala paa. Ni shamba tu, au kivuko. Nani ataandikisha asipopajua? Basi kazi inaanza kwetu: wazee wawaonyeshe vijana mahali penyewe, shefu aweke alama, na mgeni akifika apate mtu wa kumweleza. Wazee wakiisha kwenda, sheria itabaki bila kitu cha kulinda.