Jalada la Daktari na Kaunta ya Duka la Bunduki

Tarehe 29 Machi 1966, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, aliingia kwa daktari wa magonjwa ya akili wa chuo hicho. Alieleza hasira zinazompanda bila sababu na ndoa ya wazazi wake iliyovunjika. Katikati ya maelezo hayo alisema kwamba huwa anawaza kupanda juu ya mnara wa chuo na bunduki ya kuwindia, aanze kuwapiga watu risasi. Daktari aliyaandika maneno hayo kwenye jalada na kumwambia arudi wiki inayofuata. Kijana hakurudi.

Agosti Mosi mwaka huo huo Charles Whitman alipanda. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekwisha kuwaua mama yake mzazi na mkewe. Asubuhi alipita madukani akaongeza silaha mbili kwenye zile alizokuwa nazo nyumbani, moja akaichukua kwa mkopo. Alipoulizwa za kazi gani, alijibu kwamba anakwenda kuwinda nguruwe mwitu. Kabla ya saa sita mchana alikuwa juu ya mnara, na kwa dakika 96 aliwalenga waliokuwa wakipita chini. Zaidi ya watu kumi waliuawa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Wenyeji walikimbilia bunduki zao wakawa wanarusha risasi kuelekea juu, mpaka maofisa wa polisi, wakifuatana na raia mmoja, walipomfikia na kumuua.

Alikuwa ameacha barua akiomba ubongo wake uchunguzwe. Wapasuaji walikuta uvimbe. Tume iliyoundwa na Gavana John Connally ilisema uvimbe huo huenda ulichangia, lakini haikuweza kuthibitisha. Basi hapo ulikuwa umekwisha kutandikwa mjadala mzima ambao Wamarekani wanaendelea nao mpaka leo. Anayetaka kuulaumu ugonjwa ana uvimbe na jalada la daktari, na anayetaka kuilaumu bunduki ana risiti za dukani. Hata anayeamini kwamba raia mwenye silaha ndiye kinga anao wale wenyeji waliopambana kutoka chini.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia mauaji ya chuoni, kinachomjia kwanza ni Garissa, Aprili 2015, ambako al-Shabaab waliua watu 148. Lile lilikuwa shambulio la kundi lenye amiri na ajenda. Ninalolizungumzia hapa ni jambo la mtu mmoja, mara nyingi mwanafunzi mwenyewe, aliyenunua silaha kaunta kama mteja mwingine yeyote. Na tofauti ya sheria ni kubwa. Kwetu bunduki ni ya kuombewa kibali, na mwombaji ndiye anayetakiwa kueleza kwa nini apewe. Marekani, chini ya Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791, ni haki, na serikali ndiyo inayotakiwa kueleza kwa nini mtu anyimwe. Huwezi kuuelewa mjadala wao bila kuligeuza jambo hilo kichwani.

Mwaka 1963 mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy alikuwa ameagiza bunduki yake kwa posta, kwa jina la uongo, kwa takriban dola 20. Ilichukua miaka mitano na vifo vingine viwili, cha Martin Luther King na cha Robert Kennedy, ndipo Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Udhibiti wa Bunduki, Oktoba 1968. Sheria hiyo ilikomesha biashara ya bunduki kwa posta na kutaja watu wasioruhusiwa kumiliki silaha. Miongoni mwao ni waliotangazwa na mahakama au chombo chenye mamlaka kwamba wana kasoro ya akili, na waliolazwa hospitali ya akili kwa amri.

Tazama vizuri maneno hayo. Sheria haikumtaja mgonjwa, ilitaja aliyeandikiwa hati. Mtu anaweza kusikia sauti usiku kucha, akaenda kwa daktari kwa hiari yake, akameza dawa miaka kumi, na asiguswe na kifungu hicho. Tena kwa miaka 25 hivi hakukuwa na njia ya kuhakiki. Mnunuzi alijaza fomu, akaweka alama kwenye “hapana”, akatia saini, akachukua mzigo wake.

Wakati huo huo mkono mwingine wa serikali ile ile ulikuwa ukifanya kazi ya kinyume. Mwaka 1955 hospitali za umma za wagonjwa wa akili, za aina ya Mirembe au Mathari lakini kubwa mara nyingi zaidi, zilikuwa na watu zaidi ya 550,000 nchi nzima. Nyingi zilikuwa mahali pa aibu. Dawa mpya zikapatikana, na Oktoba 1963, wiki tatu kabla ya kuuawa, Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu. Hospitali zikafungwa kweli, lakini vituo vilivyoahidiwa vingi havikujengwa. California, chini ya Gavana Ronald Reagan, ilipitisha mwaka 1967 sheria iliyofanya iwe vigumu kumlaza mtu bila ridhaa yake, na mwaka 1975 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba mtu asiye hatari hawezi kufungiwa hospitalini kwa sababu tu ni mgonjwa.

Kwa haki za binadamu hayo yalikuwa maendeleo, na sioni mwenye akili timamu anayeweza kutaka zile hospitali za zamani zirudi. Lakini sheria ya bunduki ilitegemea hati za kulazwa kwa amri, na hati hizo zikawa chache mwaka hadi mwaka.

Historia ina kejeli zake. Machi 1981 Reagan, sasa Rais, alipigwa risasi na kijana ambaye baadaye mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani akabaki na ulemavu. Yeye na mkewe Sarah walihangaika miaka mingi mpaka sheria yenye jina lake ikapita, Novemba 1993, na mwaka 1998 ukaanza mfumo wa FBI wa kuhakiki wanunuzi papo hapo. Ila mwaka 1997 Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuamua kwamba serikali ya shirikisho haiwezi kuwatumikisha maofisa wa majimbo katika kazi hiyo. Kwa hiyo jimbo lililotaka kupeleka taarifa za wagonjwa lilipeleka, na lisilotaka likakaa kimya. Mfumo ulikuwa na mashine nzuri na makabati matupu.

Ndivyo tunavyofika Blacksburg, Virginia. Mwishoni mwa mwaka 2005 wanafunzi wa kike wa chuo cha Virginia Tech walilalamika kwa polisi juu ya mwanafunzi mwenzao aliyekuwa akiwasumbua. Mwenzake wa bwenini naye alitoa taarifa kwamba huyo kijana amezungumzia kujiua. Alichukuliwa, akalala usiku mmoja hospitalini, na kesho yake hakimu akaandika kwamba ni hatari kwa nafsi yake kutokana na ugonjwa wa akili, akaamuru atibiwe akiwa nje. Alipita kwenye kituo cha ushauri nasaha cha chuo, na hakuna aliyemfuatilia tena. Walimu wake walikuwa wamekwisha kuona. Mshairi Nikki Giovanni alikataa kabisa kuendelea kuwa naye darasani, na mkuu wa idara, Lucinda Roy, akaamua kumfundisha peke yake.

Kwa sheria ya shirikisho, hati ya hakimu ilitosha kumzuia asinunue silaha maisha yake yote. Lakini Virginia ilisoma sheria yake kwa namna nyingine: anayeripotiwa ni aliyelazwa kwa amri, si aliyeamriwa kutibiwa nje. Jina lake halikupelekwa. Februari 2007 akapata bastola ya kwanza. Jimbo lilikuwa na sheria ya bastola moja kwa mwezi, naye akaitii, akangoja, na Machi akanunua ya pili. Mara zote mbili mfumo ulijibu kwamba hana tatizo.

Asubuhi ya Aprili 16 aliua wawili bwenini. Chuo kilichelewa kuwatangazia wanafunzi, na zaidi ya saa mbili baadaye alifunga kwa minyororo milango ya jengo la Norris na kuua wengine 30. Profesa Liviu Librescu, aliyenusurika mauaji ya Wayahudi huko Ulaya akiwa mtoto, alikufa akiwa ameuzuia mlango wa darasa kwa mwili wake huku wanafunzi wakiruka madirishani. Uchunguzi ulionyesha kwamba maofisa wa chuo walizitafsiri vibaya sheria za usiri, wakadhani hawaruhusiwi hata kuwaambia wazazi. Na jalada lake la ushauri nasaha? Lilipotea. Lilipatikana mwaka 2009 nyumbani kwa mkurugenzi wa zamani wa kituo.

Ninalirudia tukio hili kwa kirefu kwa sababu, kati ya ninayoyataja hapa, ndilo pekee ambamo sheria ya ugonjwa wa akili, kama ingefanya kazi ilivyoandikwa, ingemkuta mhusika. Ndiyo maana hatua zilifuata haraka. Gavana Tim Kaine aliziba mwanya ule ndani ya wiki mbili, na Januari 2008 Rais Bush akasaini sheria ya kuyapa majimbo fedha ili yapeleke kumbukumbu. Zikaongezeka kutoka laki kadhaa hadi mamilioni. Hata Chama cha Taifa cha Bunduki, NRA, hakikuipinga. Kingeipinga ya nini? Sheria inayomzungumzia mwendawazimu haimgusi mwanachama wake.

Mwezi mmoja baadaye, kwenye Chuo Kikuu cha Northern Illinois, watu watano waliuawa na mwanafunzi wa zamani aliyekuwa na historia ndefu ya matibabu ya akili. Silaha zake alizinunua kihalali.

Tangu hapo ugonjwa wa akili umekuwa kichaka cha wanasiasa. Baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, kiongozi wa NRA Wayne LaPierre alitaka iwepo orodha ya taifa ya wagonjwa wa akili. Miezi minne baadaye pendekezo la kupanua uhakiki wa wanunuzi lilikwama katika Seneti. Serikali ya Obama ilipoweka kanuni ya kuripoti watu wapatao 75,000 wanaolipwa mafao ya ulemavu wa akili na kusimamiwa fedha zao na wengine, Bunge liliifuta mwaka 2017, kwa saini ya Rais Trump. Vyama vya watu wenye ulemavu viliunga mkono kufutwa huko, na nadhani vilikuwa na haki: kushindwa kusimamia hesabu zako si dalili kwamba utaua. Ila wanasiasa wale wale waliopiga kura hiyo hawakuacha, kila yalipotokea mauaji mapya, kusema kwamba tatizo ni akili.

Watafiti hawawaungi mkono. Jeffrey Swanson, aliyetumia maisha yake ya kazi katika suala hili, alikadiria kwamba magonjwa makubwa ya akili yakiondolewa yote, ukatili nchini Marekani ungepungua kwa kama asilimia 4 tu. Mahali ugonjwa na bunduki vinapokutana kweli ni kwenye kujiua: mwaka 2021, kati ya vifo 48,830 vya bunduki, 26,328 vilikuwa vya watu waliojiua. Vifo hivyo havina kamera wala hotuba ya rais.

Australia ilichagua njia nyingine. Oktoba 2002 mwanafunzi mwenye leseni halali aliua wenzake wawili katika Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne. Serikali haikungoja kumaliza ubishi kuhusu akili yake. Ilipunguza aina za bastola zinazoruhusiwa, na mwaka uliofuata ikanunua makumi ya maelfu ya bastola kutoka kwa wananchi na kuziharibu. Texas ilikwenda upande wa pili. Sheria ya kuruhusu bastola zilizofichwa ndani ya vyuo vya umma ilianza kutumika Agosti Mosi 2016, miaka 50 kamili tangu siku ya mnara. Mwanauchumi Daniel Hamermesh alikwisha kutangaza kwamba hatafundisha tena pale.

Kilicholeta nafuu kidogo kilianzia California. Mei 2014 kijana mmoja aliua wanafunzi sita karibu na chuo cha Santa Barbara, wiki chache baada ya familia yake kupiga kengele na polisi kufika mlangoni, wakazungumza naye, wakaondoka. Jimbo likatunga sheria ya kuwaruhusu ndugu na polisi kumwomba hakimu azuie silaha za mtu kwa muda. Connecticut na Indiana zilikuwa na sheria za namna hiyo kabla, na Florida ikafuata baada ya mauaji ya shuleni Parkland mwaka 2018. Swali kuu la sheria hizi si mtu anaumwa nini. Zinauliza amesema nini, ametishia nani, amefanya nini wiki hii. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kwanza lenye maana kuulizwa na sheria ya Marekani katika nusu karne, kwa sababu linamwachia mgonjwa heshima yake na kumshughulikia mwenye hatari, awe mgonjwa au mzima.

Virginia ilipitisha ya kwake mwaka 2020. Ilirudisha pia ile sheria ya bastola moja kwa mwezi, iliyomngojesha muuaji wa Blacksburg mwaka 2007, na ambayo bunge la jimbo hilo hilo lilikuwa limeifuta mwaka 2012.