Picha, Jina na Urithi: Albamu ya Familia kama Hati ya Lugha

Utangulizi

Picha ya zamani ya familia ni hati isiyojitosheleza. Karatasi yake yaweza kudumu miaka mia, ilhali maneno yanayoieleza huishi vinywani mwa watu wawili watatu tu. Watu hao wanapofariki dunia, hubaki sura zisizo na majina. Mhadhara huu unachunguza uhusiano huo wa picha na usemi kwa kurejelea kwanza kazi ya Lebohang Kganye, mpiga picha wa Afrika Kusini aliyeianza akiwa ametoka punde masomoni, na kisha hali ya picha za familia katika upwa wa Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba katika albamu, kinachopotea kwanza si picha bali lugha ya picha, na kwamba kuihifadhi lugha hiyo ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kama ilivyo wajibu wa wanahistoria.

Mwanafunzi na kabati la mama yake

Market Photo Workshop ni chuo cha upigaji picha kilichoasisiwa Johannesburg mwaka 1989 na David Goldblatt, katika siku za mwisho za utawala wa ubaguzi wa rangi, ili kuwafundisha vijana ambao utawala huo uliwafungia milango ya taaluma. Kganye, aliyezaliwa mwaka 1990, alisoma chuoni hapo na kuhitimu mafunzo ya juu mwaka 2011. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amefiwa na mama yake. Baada ya msiba aliingiwa na hofu inayowapata wafiwa wengi: kwamba ameanza kusahau sura ya marehemu, sauti yake na namna alivyozoea kusimama.

Nyumbani palikuwa na vitu vya aina mbili vilivyosalia, yaani picha na nguo. Kganye aliona kwamba nguo nyingi alizozivaa mama yake pichani zilikuwa bado zimo kabatini. Alizivaa, akatafuta mahali palepale palipopigwa picha za awali, akasimama kama mama yake alivyosimama, naye akapigwa picha. Kisha kwa kompyuta aliziweka picha hizo mbili juu kwa juu, hata mama na binti wakaonekana pamoja, mmoja akiwa kama kivuli cha mwenziwe. Kazi hiyo, iliyotokana na ufadhili alioupata kupitia chuo hicho mwaka 2012 na kuonyeshwa mwaka 2013, ndiyo iliyomjulisha kwa umma. Mwaka 2024 Kganye alitunukiwa tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse.

Jina la kazi hiyo ni Ke Lefa Laka. Kwa Kisesotho maana yake ni "ni urithi wangu". Msomaji wa Kiswahili hana budi kusita hapa, kwa kuwa laka ya Kisesotho ni ndugu wa langu ya Kiswahili: nomino lefa imo katika ngeli ya tano, na upatanisho wake ni ule ule unaosikika katika "jina langu" na "kabati langu". Kiswahili kimelichukua neno urithi kutoka Kiarabu, lakini sarufi ya kumiliki, ya kusema kitu hiki ni changu, imebaki ya Kibantu katika lugha zote mbili.

Jina lililoandikwa na wengine

Sehemu nyingine ya kazi hiyo yahusu babu yake, aliyefariki kabla Kganye hajazaliwa na ambaye masimulizi ya familia ndiyo yaliyompa umbo. Hapa picha peke yake hazikutosha. Ilimbidi aende kwa bibi yake na jamaa wengine, asikilize jinsi ukoo ulivyohama kutoka mashambani hadi mjini kutafuta kazi. Katika safari hiyo aligundua kwamba jina la ukoo limeandikwa kwa namna mbalimbali katika hati za jamaa mbalimbali, zikiwamo Kganye na Khanye.

Kwa mwanaisimu, jambo hili si dogo. Kisesotho kina mifumo miwili ya maandishi: pale ambapo Afrika Kusini huandika kg, Lesotho huandika kh, kama katika kgotla na khotla, yaani baraza. Juu ya hayo, makarani wa serikali, ambao wengi hawakuijua lugha hiyo, waliandika walichodhani wamekisikia. Kosa la herufi moja likaweza kuwatenga ndugu wa tumbo moja katika daftari.

Serikali hiyohiyo ilikuwa pia na picha zake. Kwa sheria ya mwaka 1952 Mwafrika alilazimika kuwa na kitabu cha pasi chenye picha na maelezo yake, na hatua ya kuwapa wanawake pasi hizo ndiyo iliyowafanya waandamane hadi Pretoria tarehe 9 Agosti 1956. Pasi zilifutwa mwaka 1986. Picha ya pasi ilieleza mtu anatawaliwa na nani. Picha ya nyumbani ilieleza mtu ni nani kwa jamaa zake, kwani humo alivaa alichokichagua na kusimama alivyopenda. Ndiyo maana Santu Mofokeng (1956–2020) alizikusanya picha za familia za Waafrika za kati ya mwaka 1890 na 1950, akawauliza wenye nazo majina ya waliomo. Baadhi walijulikana. Wengine hakubaki mtu wa kuwataja.

Picha za upwa wa Afrika Mashariki

Hali hiyo si ngeni kwa Waswahili. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa palikuwa na studio ya N. V. Parekh, iliyopendwa na wenyeji kwa picha za arusi, sikukuu na urafiki. Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993) alikata picha za watu na kuziunganisha na maua na mapambo, hata sura ya mtu ikawekwa mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kuwapo. Wazo la kuunganisha picha mbili ili kusema lisilosemwa na moja lilikuwapo Lamu kabla ya kompyuta.

Shughuli hiyo ilijenga msamiati wake. Picha hupigwa, kama zinavyopigwa chapa na simu. Filamu ilipopelekwa studio, picha zilisafishwa, kana kwamba sura zilikuwamo tayari zikingoja kuoshwa utando. Hata hivyo, utajiri mkubwa zaidi umo katika usemi wa ukumbini albamu inapofunguliwa: "Huyu ni mama mdogo wa baba yako. Yule wa nyuma ni mjomba, marehemu." Maneno hayo hutegemea kidole. Huyu na yule havina maana kidole kisipokuwapo, na mwenye kidole ni mzee. Aidha, istilahi za ujamaa hupanga ukoo kwa uangalifu: shangazi si mama mkubwa, wala ami si mjomba, kama Kisesotho kinavyotenganisha rakgadi, yaani shangazi, na malome, yaani mjomba.

Maandishi nayo yana mitego yake. Wazee wengi wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu; wajukuu wao wamesomeshwa kwa herufi za Kirumi. Neno lililoandikwa nyuma ya picha laweza kuwa bubu kwa mjukuu mwenye kuimiliki. Na aliyeandikwa Khadija katika hati moja huwa Hadija katika nyingine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi za Unguja zilitawanyika, baadhi zikaenda Omani na nchi za Ghuba, baadhi Uingereza. Picha ikiwa Muscat na bibi anayewajua waliomo yuko Unguja, urithi umegawanyika vipande viwili, na kila kimoja ni pungufu.

Hitimisho

Kganye hakuanza kwa nadharia. Alianza kwa nguo, picha na maswali kwa bibi yake. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuanza papo hapo: aketi na mzee, afungue albamu, arekodi usemi kama unavyosemwa, kwa lahaja yake na istilahi zake za ujamaa bila kuzisanifisha, na aandike nyuma ya kila picha jina, mahali na nani aliyelitaja. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji penseli laini, kinasa sauti na mzee aliye hai, na kati ya vitu hivyo vitatu ni kimoja tu kisichoweza kununuliwa tena.