Ukuta wa Kinyozi na Jina la Mchoraji: Hoja Kuhusu Sanaa ya Mtaani Arusha

Kitabu cha mwanaanthropolojia Brad Weiss, Street Dreams and Hip Hop Barbershops (2009), kimewaweka vinyozi wa Arusha katika mijadala ya wanaanthropolojia. Kwa Weiss, majina ya vibanda na picha za wanamuziki wa rap ni namna ya vijana kujihesabu ndani ya ulimwengu ambao kiuchumi umewaacha nje. Kwamba mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986 yaliwasukuma vijana wengi kwenye biashara ndogondogo, sina ubishi. Ubishi wangu ni kuhusu kipi kitangulie. Weiss anausoma ukuta kwanza kama ndoto ya kijana aliyekaa kibandani. Mimi nasema kwanza ni kazi ya mtu aliyesimama nje na brashi, akalipwa.

Tuchukue ukuta wa aina inayoonekana katika mitaa ya Arusha kama Ngarenaro na Unga Limited. Chini, hadi usawa wa goti, umepakwa rangi nyeusi ili tope la masika lisiuchafue. Juu yake ni rangi ya mafuta iliyo nyepesi, kisha vichwa vimepangwa safu, vingi vikitazama upande. Mkao huo una sababu: ndio unaoonyesha mstari wa wembe kwenye kipaji, nywele zinavyopungua juu ya sikio, na ndevu zinapoishia. Uso mara nyingi umechorwa harakaharaka. Nywele zimechorwa kwa subira, nukta kwa nukta. Lau mchoraji angekusudia kumtukuza nyota wa Marekani, bidii yake ingeonekana machoni na midomoni. Imeonekana kwenye mkato. Mteja hunyoosha kidole: “Ninyoe kama huyu.” Na pembeni, chini kabisa, kuna jina la mchoraji na namba yake ya simu. Ukuta mmoja unatangaza biashara mbili.

Itasemwa kwamba namba ya simu haiifuti ndoto: kwa nini achorwe mwanarapa Tupac, asichorwe mzee wa Kimeru? Uso unaojulikana hupunguza maelezo; kinyozi na mteja hukubaliana kabla mashine haijawashwa. Tamaa ipo, lakini imepewa ajira. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kazi hii inakufa, kwa kuwa mabango ya plastiki na rangi za kampuni za simu na soda yanafunika maduka mazima. Naliona hilo kuwa ushahidi upande wangu. Ndoto ingehamia kwenye plastiki bila hasara yoyote. Kinachopotea ni mkono wa fundi na ujira wake.

Hapa ndipo sera ya kumbukumbu inapohusika. Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni, yamo katika ukumbi ambamo viongozi wa chama cha TANU walikutana Januari 1967. Wageni hupelekwa huko, na pia kwenye Mnara wa Saa, wakiambiwa kwamba wamesimama katikati ya Cairo na Cape Town. Kuta za vinyozi hawaonyeshwi. Huenda ushahidi wa mitaa michache usitoshe kuyasemea maeneo ya jirani kama Tengeru au Usa River. Hata hivyo nadai kwamba historia ya kujitegemea tangu Azimio la Zanzibar la 1991 lilegeze masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha imeandikwa, hapa Arusha, kwa rangi ya mafuta. Makumbusho yazipige picha kuta hizo na kuorodhesha majina ya wachoraji wake, kabla hazijapakwa rangi ya kampuni.